Kuteua, Kupanga na Kugawa: Lugha ya Kuhesabia Njia

Mjadala kuhusu istilahi za hisabati umeelemea mno upande wa nomino. Tangu mwaka 1967, Tanzania ilipokifanya Kiswahili lugha ya kufundishia katika shule za msingi na kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa, juhudi kubwa imetumika kuyatafutia maneno ya kigeni visawe. Juhudi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, mwanafunzi anayeanza kujifunza kuhesabu njia hakwami kwenye nomino. Hukwama kwenye sentensi ya swali. Rai yetu ni kwamba tofauti nyingi anazozihitaji zimo tayari katika vitenzi na sarufi ya Kiswahili.

Natutazame mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, ambako Wakipsigis, Waluo, Wakisii na Waluhya wamefanya kazi pamoja kwa miaka mingi, Kiswahili kikiwaunganisha. Tuseme wapo wachumaji wanne, A, B, C na D, na msimamizi atoa mojawapo ya amri hizi:

(a) Teua wawili wapeleke majani kwenye mizani.
(b) Panga wawili, mmoja atangulie na mwingine afuate.
(c) Wagawe wote wawili wawili.

Amri hizi zinafanana masikioni, lakini majibu yake ni mbalimbali. Katika (b), wa kutangulia hupatikana kwa njia 4, na kwa kila njia wa kufuata hupatikana kwa njia 3. Jumla ni 12. Huu ndio mpangilio. Katika (a), AB na BA ni watu wale wale, hivyo 12 hugawanywa kwa 2, zikabaki njia 6. Katika (c), amwekaye A pamoja na B amekwisha kuwaweka pamoja C na D. Njia ni 3 tu: AB na CD, AC na BD, AD na BC. Urudufu wa neno moja umeipunguza hesabu kwa nusu.

Si kwamba lugha inatosha peke yake. Endapo jozi moja itakwenda shamba la juu na nyingine la chini, njia zitarudi kuwa 6, na urudufu hautatuambia hivyo. Ni lazima swali litamke. Vilevile, tukiuita uteuzi usiojali mfuatano "mchanganyiko", tutamrejesha mwanafunzi kwenye picha ya majani yaliyovurugika kikapuni, hali kinachohesabiwa ni nani amechukuliwa na nani ameachwa. Neno "uteuzi" halina dosari hiyo.

Nchini Kenya hisabati hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia madarasa ya kati ya shule ya msingi, na hatudai hapa kwamba sera hiyo ibadilike. Lakini kijana wa Kericho anayeikariri kanuni bila kutambua kama swali lake ni la kuteua, kupanga au kugawa, atapata jibu sahihi la swali ambalo hakuulizwa. Basi kila istilahi inayopendekezwa na ipimwe kwanza ndani ya swali lenye jibu la tarakimu, kabla ya kuingizwa katika orodha.