Dekre ya sashe na kiwanda ambacho hakijazaliwa

Michael Porter na Claas van der Linde waliandika 1995 kwamba sheria ya mazingira iliyoundwa vizuri inasukuma kiwanda kugundua njia mpya, na mara nyingine faida inafuata. Siku hizi tunabakiza neno moja tu: "sheria kali". Hapo ndipo nabisha.

Kali, tuko nayo. Dekre ya 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki. Miaka ikapita, sashe nyeusi ikaendelea kufunga nyanya sokoni Goma. Ukivuka bariere kuingia Gisenyi, wanakunyang'anya ile ile sashe. Rwanda ilikataza 2008. Magendo yapo, ndiyo, lakini mwenye kutengeneza mifuko ya karatasi kule anajua serikali haitanii.

Mimi mtu wa agronomia nawaza muhogo. Wanga wake unaweza kutoa plastiki inayooza, na sisi malisansi tungepata kazi. Lakini nani ataweka franga zake kwenye mashine, wakati mwenye kuvunja dekre anauza bei ya chini na hakuna anayemwuliza? Kabla ya kudai sheria nyingine, ningependa kuona orodha ya viwanda vilivyokaguliwa tangu 2018.