Mnazi wa Asubuhi, Mnazi wa Jioni: Jama, Kisauni Kuna Vitu!

Jama, wacha kila ulichoshika unisikilize! Nimetoka Utange, huku Kisauni, Mombasa, sasa hivi, vumbi la bodaboda lingali miguuni, ulimi ungali unasisimka, na maji sijanywa hata tone kwa sababu sitaki kuuosha utamu huu uliobaki kwenye ufizi. Mnazi, ndugu yangu! Mnazi mbichi, mweupe, mtamu, mchachu, unaochekacheka kwenye glasi, ulioteremshwa mtini mimi mwenyewe nikitazama. Si ule wa kuletewa ukiwa umeshinda juani kwenye mtungi wa plastiki tangu jana mpaka ukanuna. Huu ulikuwa bado na ubaridi wa umande! Nimekunywa bia nyingi mimi, za chupa na za bomba, za hapa na za kigeni, na nakwambia kitu hiki kimenitoa kwenye kiti. Na bado!

Tuanze na harufu, maana ndiyo inayokupokea. Unaisogeza glasi puani ukitarajia ukali wa pombe, na ukali huukuti. Unakuta unga unaoumuka. Unakuta dafu. Unakuta ndizi iliyoiva ikapitiliza, ile yenye madoadoa, na nyuma kabisa kuna kitu kibichibichi, cha majani yaliyokatwa punde. Halafu unapiga funda la kwanza na... loh! Utamu unatangulia, mwingi, mnene, karibu useme ni sharubati. Hujamaliza kuufurahia, uchachu unaingia pembeni mwa ulimi, mkali, safi, wa kukukunja uso kidogo tu. Halafu viputo! Viputo vidogo vidogo visivyo na idadi, vinakutekenya ulimi, vinapanda mpaka kwenye kaakaa. Unameza, unadhani yamekwisha. Hayajesha! Harufu ya nazi inarudi taratibu kupitia puani, wewe hujafanya lolote, umekaa tu. Nilicheka peke yangu. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi la pili akaniuliza, "Mwanangu, ndiyo mara ya kwanza?" Nikamjibu, "Wa asubuhi hivi, mzee wangu, ndiyo kwanza." Akatikisa kichwa kwa huruma kabisa, yaani kunihurumia miaka yangu yote niliyopoteza.

Na usiunywe kwa pupa! Pale mangweni, yaani kilabuni kwa mnazi, utapewa mrija mwembamba wa mwanzi, wenye kichujio cha nyuzi chini yake, ili vipande vya karara na wadudu waliozama kwa uroho wao vibaki kwenye glasi. Mrija ule unakulazimisha kunywa polepole. Kidogo, kidogo, tena kidogo. Mdomo wa glasi ungekuharakisha ukakosa nusu ya mambo.

Sasa mgema. Ee bwana, mgema! Kila ninachokisifu hapa kimetoka kwa mtu mmoja na kotama yake, kile kisu cha kugemea. Alipanda kwa vidato vilivyochongwa shinani, chombo kiunoni, hana haraka, huku akiendelea kubishana na wenziwe waliobaki chini kuhusu mpira. Huko juu anachagua karara ambalo halijapasuka, analifunga kamba, analiinamisha pole pole kwa siku kadhaa, anakata ncha, na utomvu unaanza kudondoka tone kwa tone. Kisha anarudi asubuhi, anarudi jioni, wengine hata mchana, na kila akipanda ananyoa kipande kimoja tu ili kidonda cha mti kisizibe. Kipande chembamba ajabu! Nilikishika, nikakiinua juani, mwanga ukapita. Akinyoa kingi analimaliza karara kabla ya wakati, na akinyoa kidogo mno tone linakauka. Mkono ule haufundishwi kwa karatasi.

Na hamira je? Hakuna anayetia hamira! Imo hewani, imo kwenye ngozi ya karara, imo kwenye mabaki ya jana ndani ya chombo, na kazi inaanza matone yakiwa yangali kule juu. Yaani kinywaji kinachacha kikiwa angani, jama, kabla hata hakijakanyaga ardhi! Wahenga wakasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi mimi nilimsifu usoni, mbele ya watu, kwa sauti, bila aibu yoyote, na chombo cha pili kikashuka kizuri kuliko cha kwanza.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa kabisa. Jagi lile lile la asubuhi tuliliacha kivulini chini ya makuti, tukapiga soga, tukala, na adhuhuri ilipofika nikamimina tena. Nikadhani nimebadilishiwa! Sukari ilikuwa imeliwa na hamira, utamu umerudi nyuma, uchachu umekuja kifua mbele, viputo vimechangamka mpaka vinapanda ukingoni, na ile ndizi ya asubuhi haipo, mahali pake pana kitu cha maembe mabichi. Saa kumi jioni nikaonja tena. Mkavu! Mkali! Unateremka na kuacha joto kifuani, na mwisho wake ni mrefu, mchungu kidogo, wa kiutu uzima. Wale wanaojua hawasemi mengi, watakuuliza tu unataka mtamu au mkali, na kila mmoja ana saa yake anayoipenda na yuko tayari kukugombeza juu yake. Na ukiuacha mpaka kesho unageuka siki, siki nzuri mno, ambayo kachumbari yako itakushukuru. Jagi moja! Siku moja!

Najua utaniambia habari za bia za mafundi. Nazijua, nazipenda, usinianze. Nairobi watu wanatafutana kuonja bia za Bateleur na za 254, na sikatai, ile harufu ya maua ya hopsi hunimaliza kabisa. Wenye wazimu zaidi husafiri mpaka Brussels kuifuata bia ya lambic. Kiwanda cha Cantillon, kilichopo tangu 1900, huumwaga mchuzi wa nafaka uliochemshwa kwenye sinia kubwa la shaba lililo wazi, huuacha upoe usiku kucha ili hamira za mwituni ziingie zenyewe, halafu huufungia kwenye mapipa mwaka, miaka miwili, hata mitatu. Nawavulia kofia! Uchachu wa jamaa mmoja na wetu, na ujasiri ule ule wa kuiachia hewa kazi. Lakini wao wanangoja miaka mitatu na huyu wa Utange anamaliza safari hiyo baina ya chai ya asubuhi na adhana ya alasiri! Bia ya chupa ukiifungua imeshakata shauri zamani. Mnazi bado unafikiria, na wewe unaunywa huku unafikiria.

Na bado! Kisauni si Utange peke yake. Sogea Mwakirunge, kule minazi inakozidi nyumba, utaukuta ulio mwepesi zaidi, mtamu wa kitoto, wa kukupumbaza. Halafu toka Kisauni, vuka Likoni kwa feri, ingia Shika Adabu au Mtongwe, uonje ule unaoingia kutoka upande wa Matuga. Nilioonja mimi ulikuwa mzito kidogo, wa rangi ya maziwa hasa, na chumvichumvi fulani mwishoni ambayo siwezi kuapa kama ni ya mti au ni upepo wa bahari uliokuwa unanipiga mdomoni. Tamu, chachu, chumvi, zote katika funda moja! Nilinyamaza, na mimi kunyamaza si jambo dogo.

Changamwe ndiko kwa wapenda ukali. Huko unaingia mnazi wa Rabai na Kaloleni, unateremka kupitia Mazeras juu ya pikipiki, na njia nzima unatikisika, unachemka, unakasirika. Ukifika Miritini umeshakuwa mkubwa. Mfuniko ukifunguliwa unasikia "psssh!" na watu wote wanageuka. Si wa kuanzia huo, nakuonya kwa mapenzi, lakini ukishazoea utaupenda kwa ubishi wake. Na kwa kuwa barabara ya Dongo Kundu sasa inakutoa Miritini mpaka Likoni bila feri, unaweza kuonja pande zote siku hiyo hiyo, mradi usukani uwe kwa mtu mwingine ambaye hajaonja kitu. Hilo sikutanii.

Ukiwa Changamwe uliza na busaa, maana watu wa bara walipokuja kufanya kazi bandarini na kwenye reli walikuja na kinywaji chao. Unga wa mahindi uliovundikwa ukachacha, ukakaangwa juu ya bati mpaka ukanukia, kisha ukakutanishwa na kimea cha wimbi. Vuguvugu, mzito, wa kahawia, nusu unaunywa nusu unautafuna! Si mapenzi yangu makubwa, moyo wangu uko juu ya mnazi, lakini ile harufu ya unga uliokaangwa, mmh, ilinirudisha kuongeza.

Chakula sasa, maana tumbo tupu na mnazi mkali ni maadui. Wa asubuhi uupe muhogo wa kuchoma, uliopasuliwa katikati ukapakwa pilipili na ndimu: utamu unakutana na moto, mdomo mzima unaamka! Wa adhuhuri uupe viazi karai na chatini ya ukwaju. Wa jioni unataka samaki wa kukaanga, mkavu, mwenye mifupa ya kuchokonoa, na usiniletee chipsi hapo, utaniudhi. Kule Kerala, India ya kusini, duka la mnazi na chakula cha pilipili ni mtu na nduguye, na tena wanautumia mnazi ule kuumulia unga wa mchele wa kupikia mikate yao laini ya appam. Nikisikia mtu hapa Kisauni ameanza kupika hivyo nitakuwa wa kwanza mlangoni.

Lakini usije ukadhani ni kitu cha kubarizi tu. Kwa Wamijikenda hakuna posa inayokwenda mikono mitupu. Kadzama, yaani chombo cha mnazi, huwekwa mbele ya wazee, maneno ndiyo yaanze, na kidogo humwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia. Nilipomwona yule mzee wa benchi la pili akidondosha matone yake kabla ya kunywa, bila kutangaza, nikaacha kupiga kelele kwa muda. Muda mfupi tu!

Ukienda, swali la kwanza lisiwe bei. Uliza, "Umegemwa saa ngapi?" Muuzaji mzuri atakujibu hapo hapo, tena atakuonyesha mti au atakutajia shamba. Anayeng'ang'ana kukuzungusha, mshukuru uondoke. Tazama povu: liwe jembamba, jeupe, linalojiumba upya ukitikisa. Nusa: ukipata siki kabla ya tunda, umechelewa. Nenda penye leseni. Tangu sheria ya vileo ya 2010 vinywaji vya kienyeji vina njia yao ya halali, na mangwe nzuri haina haja ya kujificha. Na kama wewe hutumii kileo, na Mombasa hii wako wengi na nawaheshimu, njoo vile vile umtazame mgema akipanda. Atakuangushia dafu, nawe utakuwa umefaidi.

Kuna kitabu cha Amos Tutuola wa Nigeria, cha 1952, kinachomhusu mpenda tembo ambaye mgema wake alianguka mtini akafa, naye akafunga safari mpaka nchi ya wafu kumtafuta. Zamani nilidhani ni kichekesho. Leo, kwa ule mnazi wa saa moja asubuhi, mimi ningefunga mizigo!

Na bado sijakwambia habari ya mnazi usiotoka kwenye mnazi: huko Kilifi na Tana River wanagema mti wa mkoma, na wanaoujua wananiapia kwamba ni mtamu zaidi, mzito zaidi, wa ajabu zaidi, nami siwaamini mpaka niuweke ulimini. Lakini kwanza Utange, tena na wewe. Jumamosi, alfajiri, mgema anapanda kabla jua halijachomoza vizuri, na ukifika saa tatu utakuta wenyewe wameshaugawana. Dereva nimeshampata, hanywi hata soda. Wewe lete muhogo, ndimu na pilipili, pilipili nyingi!