Fundi Antena wa Mabatini

Fundi alipanda juu ya bati bila kufungua begi lake. Alikaa ukingoni mwa paa, akatazama mbali. Sisi tuliokuwa chini tulidhani anapumzika, maana kupanda Mabatini, hapa Mwanza, kwa miguu na ngazi begani si kazi ndogo. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ameshaanza kazi.

Alikuwa anasoma mawe. Mwanza nyumba hukaa pale jiwe liliporuhusu, na mawimbi ya televisheni nayo hupita pale jiwe linaporuhusu. Mawimbi haya ni mafupi, urefu wake hauzidi sana nusu mita, kwa hiyo hayawezi kuuzunguka mlima kama yanavyofanya yale ya redio ya masafa ya kati. Yakikuta jabali, mengine hufia hapo, mengine hugonga na kurukia pembeni. Mwenye nyumba alimwonyesha antena ya jirani, akitaka ya kwake ielekezwe vilevile. "Mwenzako pale kuna uwazi, mama. Wewe jiwe limekuziba," akamjibu, kisha akahamisha mlingoti hatua tatu, upande wa jikoni. Hatua tatu tu!

Antena yenyewe ni ile ya vijiti tunayoijua wote, mchoro wa Wajapani wawili, Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, waliouandika mwaka 1926. Vijiti vya mbele ni vifupi, navyo huyaongoza mawimbi. Cha nyuma ni kirefu, kazi yake kuyarudisha yanayotaka kupita. Kimoja tu, kile kilichofungiwa waya, ndicho kinachopokea. Wengine huifunga antena kinyumenyume, wakashangaa.

Lakini kilichonishika mimi ni waya. Ukiukata katikati utaona mambo matano yamevishana: uzi wa shaba, nyama nyeupe ya plastiki, karatasi ya fedha na wavu wa nyuzi nyembamba kama nywele, kisha ganda jeusi la nje. Picha yote hupita kati ya uzi ule na wavu ule, na umbali baina yao lazima usibadilike njia nzima. Ndiyo maana hakuupigilia misumari wala hakuukunja kwa kona kali. Alimenya ganda kwa kuuzungusha waya juu ya makali ya kisu, si kwa kukandamiza, ili asiutie shaba jeraha. Akaukunjia wavu nyuma, unywele kwa unywele. Halafu akainua ncha juani, akaigeuza polepole mbele ya jicho moja. Unywele mmoja wa wavu ukigusa shaba, kazi yote ya mlingoti imepotea. Aliuona mmoja, akauondoa kwa ukucha. Mimi nisingeuona.

Ndipo ikaja zamu ya kugeuza, na hapa ufundi umebadilika sana. Wakati wa analojia, antena mbaya ilikuonyesha chenga na antena nzuri ilikupunguzia chenga. Picha yenyewe ilimwambia fundi amebakiza kiasi gani. Kila nyumba ilikuwa na mtoto wa kupiga kelele dirishani: "Bado! Inakuja! Hapo hapo, usiguse!" Wengine tulitumia mfuniko wa sufuria na bado tuliona mpira. Mitambo ya analojia ya Mwanza ilizimwa mwanzoni mwa 2013, zikaja enzi za ving'amuzi, na chenga zikaondoka pamoja na msaada wake. Sasa ni picha safi, au vipande vilivyoganda, au kioo cheusi. Unaweza kuwa umebakiza upana wa kidole, usijue.

Kwa hiyo fundi alifungua ukurasa wa king'amuzi wenye mistari miwili, wa nguvu na wa ubora, akamweka binti wa nyumba ausome wa pili. Nguvu inaweza kuwa kubwa na ubora ukawa duni, hasa kwenye mji wa majabali kama huu, mawimbi yaliyogonga mawe yanapofika pamoja na yale ya moja kwa moja. Aligeuza mlingoti kidogo, akaacha mkono, akasubiri king'amuzi kihesabu. Akageuza tena. "Sitini na mbili, kaka." Kimya. "Sabini." Akapitiliza makusudi mpaka namba ikashuka, akarudi katikati ya pande mbili zilizoshuka. Hakuridhika na namba ya kwanza iliyoleta picha, kwa sababu upepo wa ziwani ukivuma usiku mlingoti utayumba, na anayesimama ukingoni huanguka.

Star TV, kituo kilichozaliwa mji huu huu, kilipotokea kikiwa safi, wote tulishangilia. Yeye alikuwa bado ana kazi. Alishusha waya chini ya dirisha, akauacha uning'inie kwa tao dogo kabla ya kuupandisha kwenye tundu la ukuta, ili maji ya mvua yadondokee hapo nje. Kisha akamwita mama mwenye nyumba mbele ya televisheni. Radi za ziwa hili ni kali, akamwambia, wingu likianza kutanda, kabla halijanguruma, zima umeme na uchomoe waya huu. Akamwonyesha: usivute waya, shika kichwa chake. Kurudisha, ingiza wima, ule uzi wa katikati usipinde. Mama akajaribu, uzi ukaegemea pembeni. Fundi akaunyoosha kwa kidole, akampa tena. Mara ya tatu kichwa kikaingia sawasawa, picha ikarudi, na fundi akamwomba achomoe na kurudisha mara moja zaidi.