Ati Njia Bora ni Kupotea

Kuna sentensi moja ambayo huwezi kuikwepa ukisoma miongozo ya wasafiri kuhusu miji yetu ya kale. Iko kwenye kurasa za Lamu, iko kwenye kurasa za Mji Mkongwe wa Zanzibar, na maneno hubadilika kidogo tu: njia bora ya kuujua mji huu ni kupotea ndani yake. Weka ramani mfukoni, wanasema. Fuata vichochoro. Potea.

Mwaka jana rafiki yangu kutoka Lamu alikuja Nairobi kwa wiki moja, akalala kwa dadangu hapa Kangemi. Tulijuana chuoni, kabla mimi sijaacha masomo kwa sababu ya karo. Jioni ya kwanza nilimsomea hiyo sentensi kwenye simu, nikidhani atafurahi kusikia mji wao ukisifiwa. Akacheka. "Kwetu hapotei mtu," akasema. "Wageni ndio hupotea, na watoto ndio huwarudisha."

Tangu siku hiyo siwezi kuisoma miongozo hiyo kama zamani. Sentensi yao inamwona mgeni tu. Yule mtoto anayemrudisha hayumo.

Niseme ukweli, si ati miongozo inadanganya. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu ukafuata mwaka 2001. Yote miwili ilijengwa kwa kipimo cha mtu na punda, si gari. Vichochoro vya Lamu ni vyembamba kwa sababu kivuli ni mali kwenye jua lile. Mji umekaa kwenye mteremko, kwa hivyo ukichanganyikiwa Mkomani au Langoni, shuka tu na njia na mwishowe utatokea baharini. Haya yote miongozo inayaeleza, na inayaeleza vizuri.

Kinachonikera ni inavyomtumia mtu wa barazani. Nje ya nyumba nyingi kuna baraza la mawe, na juu yake kuna mtu ameketi. Atakuuliza, "Waenda wapi?" Ukimjibu, atakuonyesha njia. Huyo ndiye anayeufanya mji uwe wa kutembelewa kwa miguu, kwa sababu bila yeye ni kuta tu na milango ya kuchonga. Lakini kwenye mwongozo yeye ni pambo. Ana kofia, ana kahawa, ana ndevu nyeupe. Hana swali.

Rafiki yangu aliniambia kitu kingine ambacho sijakisoma kwenye mwongozo wowote. Bibi yake, enzi zake, alikuwa hapiti Usita wa Mui, ile njia kuu ya Lamu. Njia kuu ilikuwa ya wanaume. Yeye na wanawake wenzake walipita vichochoro vya nyuma, na pengine walivuka kutoka nyumba hadi nyumba kwa wikio, vile vyumba vinavyopita juu ya njia kama daraja. Sasa fikiria. Vile vichochoro ambavyo mgeni anaambiwa apotee ndani yake kwa raha ndivyo vilikuwa barabara ya huyo bibi ya kila siku. Alivijua kama mkono wake, na alivijua hivyo kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kupita kwingine.

Kiswahili chenyewe kinajua kwamba kutembea si jambo la miguu peke yake. Kutembea ni kwenda kwa miguu, na kutembea pia ni kwenda kuwaona watu. Mtu akibisha mlango aseme, "Nimekuja kutembea," amekuja kukuona wewe, si nyumba yako. Halafu wakaja watu wa utalii na kampeni yao ya Tembea Kenya, wakimaanisha mbuga na ufuo, mahali ambapo wengi wetu hatufiki kwa miguu wala kwa nauli. Na kuna neno la tatu: kuzurura. Miguu ni ile ile na barabara ni ile ile. Tofauti ni nani anakuangalia.

Ndiyo maana mgeni wa Nairobi akiniuliza asome nini, simpi mwongozo. Nampa *Coming to Birth*, riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye iliyotoka mwaka 1986. Macgoye mwenyewe alikuja kama mgeni. Alizaliwa Southampton, Uingereza, akafika Kenya mwaka 1954 kuuza vitabu vya misheni, akaolewa katika jamii ya Waluo na akabaki hadi alipofariki mwaka 2015. Wengi wetu tulikutana naye shuleni kwenye lile shairi la Atieno. Ni huzuni kwamba wengi tuliishia hapo.

Riwaya inaanza mwaka 1956. Paulina ana miaka 16, ni mjamzito, na anashuka kwenye treni Nairobi kumfuata mume wake, Martin. Ni wakati wa Hali ya Hatari. Muda si muda mimba inaharibika, analazwa hospitalini, na siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani anapotea njia.

Kurasa hizo ni fupi, na kwangu ndizo bora zaidi zilizowahi kuandikwa kuhusu kutembea Nairobi. Macgoye hatafuti kukusisimua. Anaweka hatua moja mbele ya nyingine. Barabara zinafanana, giza linaingia, watu wanaongea lugha zisizo za Paulina, na mji wenyewe uko chini ya askari. Msichana mgonjwa ambaye hajui jina la mahali anapoishi vya kutosha kumwelekeza mtu ampeleke si mtalii. Ni mshukiwa. Na anapofika nyumbani hatimaye, kosa la kupotea linalipwa mara ya pili: Martin anashuku alikuwa na mwanamume, anampiga.

Rafiki yangu alisoma sura hiyo usiku huo huo, taa ya simu ikiwa juu, dadangu akinung'unika kwamba hatulali. Asubuhi aliniambia neno moja tu juu yake: "Huyu hakupotea. Hakuna aliyemuonyesha." Nikaona amemaliza uhakiki wangu kabla sijauandika.

Siku hiyo tukaamua kwenda tao kwa miguu. Kutoka Kangemi ni karibu kilomita 10, na mimi nimeipiga hiyo njia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, kwa sababu siku ambazo hakuna nauli, bado kuna kazi ya kutafuta. Ukitoka saa kumi na moja asubuhi hutakuwa peke yako. Waiyaki Way imejaa watu, wengine na viatu vya kazi kwenye mfuko wa plastiki. Tafiti za usafiri zimeonyesha kwamba takriban safari 4 kati ya 10 Nairobi hufanywa kwa miguu. Lakini miongozo ile ile inayomwambia mgeni apotee Lamu humwambia aite teksi Nairobi. Jiji la watembeaji namna hii, na kwenye maandishi ni jiji la magari.

Barabara nayo imekubaliana na miongozo. Tulipofika Westlands tukaingia chini ya Expressway, ile ya kilomita 27 kutoka Mlolongo iliyofunguliwa mwaka 2022. Juu hakuna mwenda kwa miguu anayeruhusiwa. Chini, tulivuka mbio. Rafiki yangu aliuliza Waiyaki ni nani. Nikamwambia ni Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu aliyekamatwa na watu wa kampuni ya Waingereza mwaka 1892 na kupelekwa pwani akiwa mfungwa. Reli haikuwapo bado. Alikufa njiani, Kibwezi. Akanyamaza kidogo, akasema basi yeye ametoka kule ambako Waiyaki hakufika.

Mjini nilimpitisha Kenyatta Avenue, enzi za ukoloni ikiitwa Delamere. Pale pana jengo la mawe lenye mnara, Kipande House, leo ni benki. Jina linatokana na kile kipande ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba ili aonyeshe yeye ni nani, anafanya kazi kwa nani, na kama ana ruhusa ya kuwa pale aliposimama. Maktaba ya McMillan iko karibu. Ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Ukiwa mgeni, haya ni majengo mazuri ya kupiga picha, na tulipiga. Lakini ukiyapitia na Paulina kichwani unaona yalikuwa yanajibu swali moja: nani anatembea, nani anazurura.

Nyuma ya maktaba kuna Msikiti wa Jamia. Rafiki yangu alikuwa ameshaanza tabia yake ya kusalimia kila mtu, na watu wa Nairobi walikuwa wanashtuka, halafu wanaitikia. Mzee mmoja pale nje alimuitikia salamu vizuri, akamtazama buibui lake na mkoba wake, akauliza, "Waenda wapi, mwanangu?" Wakaongea dakika kumi. Mzee alijua watu Langoni.

Mimi nilisimama kando nikikumbuka maneno hayo hayo. Usiku mmoja, miaka miwili iliyopita, nikirudi Kangemi kwa miguu, askari wawili walinisimamisha. "Unaenda wapi?" Nikasema natembea tu, naenda nyumbani. Mmoja akauliza kama kutembea ni kazi. Nilikuwa na shilingi 100, ambazo nilikataa kuzitumia kama nauli ili nizibakishe za asubuhi. Hazikubaki. Hakuna aliyeumia na sikulala ndani, kwa hivyo kwa kipimo cha mtaa wetu hiyo hata si hadithi. Lakini nilielewa kwamba swali la mzee wa barazani na swali la askari ni moja, na kwamba mwongozo unaweza kuniambia nipotee kwa sababu tu haujui nitaulizwa na nani.

Kuna mwandishi mwingine aliyeijua hii barabara ya jioni. Meja Mwangi, kwenye *Going Down River Road* ya mwaka 1976, anawafuata Ben na Ocholla, vibarua wanaojenga jengo refu liitwalo Development House na hawatakuwa na chumba ndani yake. Hakuna anayeandika uchovu wa miguu kama Mwangi, wala kicheko cha watu waliochoka. Nilikisoma kitabu hicho nikiwa nimeacha chuo na kilinishika mkono. Lakini nikikirudia sasa naona kwamba mji wake ni wa wanaume. Wini, mwanamke wa Ben, anaondoka na kumwachia mtoto, na kitabu hakimfuati. Alipita njia gani? Aliulizwa nini kwenye kona? Mwangi hana hamu ya kujua. Macgoye anayo, na ndiyo maana namweka mbele.

Si kwamba riwaya yake haina kasoro. Baada ya zile sura za mwanzo historia inaanza kukimbia kuliko watu. Mboya anauawa mwaka 1969, JM mwaka 1975, na kuna mahali unahisi unasomewa gazeti huku Paulina amesimama mlangoni akingoja zamu yake. Majina ya mitaa nayo yanarushwa bila maelezo. Msomaji ambaye hajawahi kufika Pumwani atahitaji ramani.

Lakini Macgoye haisahau ile siku ya kwanza. Paulina anarudi Nairobi akiwa mtu mzima, anafanya kazi, anajua basi gani linaenda wapi, na yule msichana aliyepotea anakuwa mwanamke anayewaona watoto wa mitaani ambao wengine wanawaruka kama takataka. Hiyo ndiyo safari kwenye kitabu hiki: kutoka kwa mtu ambaye hakuonyeshwa njia hadi kwa mtu anayeonyesha. Hakuna mwongozo unaomuahidi mgeni hivyo. Miongozo inamtaka abaki mgeni, kila kona imshangaze.

Kwa hivyo ukija Nairobi, njoo na viatu vizuri na hiyo riwaya. Toka mapema. Salimia kwanza kabla ya kuuliza, hata wakikushangaa. Ukichanganyikiwa, sema umepotea, usione aibu, na ukumbuke kuna mtu hapo karibu ambaye hawezi kulisema neno hilo na akaaminiwa.

Jioni tulirudi na matatu, miguu ya rafiki yangu ikiwa imevimba. Tuliposhuka stejini Kangemi, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na mizigo miwili alitukaribia akauliza njia ya sokoni. Alimuuliza rafiki yangu, si mimi. Nikafungua mdomo, lakini yeye alikuwa ameshaweka mkoba chini na kunyoosha mkono. Alikuwa na siku mbili tu Kangemi. Alielekeza sawa.