Nafasi Tano za Desemba

Msimu wa 2025/26 wa Fantasy Premier League, mchezo wa kupanga kikosi chako cha wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza, ulileta mtihani ambao wengi katika ligi ndogo za mitaa ya Nairobi ya Umoja, Kayole na Donholm waliuona kama zawadi. Kombe la Mataifa ya Afrika lilikuwa lianze Morocco tarehe 21 Desemba, na wenye mchezo walijua vikosi vingi vitapoteza watu kwa mpigo. Kabla hata ya msimu kuanza walitangaza kwamba kila kocha ataingia raundi ya 16 akiwa na nafasi tano za kubadilisha wachezaji bila kukatwa pointi. Kwa kawaida unapewa moja kwa raundi, usiyoitumia inakaa akiba, na akiba haivuki tano. Ukizidisha, kila badiliko la ziada linakula pointi nne.

Kila kocha, yaani hata yule aliyekuwa hana akiba yoyote. Aliyejibana tangu Oktoba akafikisha nne aliongezewa moja tu, jirani yake aliyetumia zote akajaziwa tano. Hapo ndipo hesabu ilipoanzia. Raundi ya 15, wikendi ya tarehe 6 Desemba, ilikuwa ya kufagia nyumba: beki aliyepoteza namba, kipa wa akiba asiyecheza, mshambuliaji uliyekuwa ukimvumilia kwa sababu ya jina. Chochote kilichobaki kwenye akiba baada ya hapo kilipotea bure. Wenye nidhamu ya kuweka akiba ndio walioumia zaidi, na nawahurumia, kwa kuwa misimu mingine nidhamu hiyo hiyo ndiyo inayowapa ushindi.

Kisha ikaja raundi ya 16 yenyewe, na hapa pana ujanja ninaouona mzuri kuliko wote wa msimu. Tarehe ya klabu kuwaachia wachezaji ilikuwa 15 Desemba, kwa hiyo wengi wa waliokuwa wakienda Morocco bado walicheza wikendi hiyo. Wangekosekana kuanzia raundi ya 17. Sasa piga hesabu. Ukitumia zote tano raundi ya 16, unaingia ya 17 na moja. Usipogusa kitu, unaingia na tano zile zile, na ile moja mpya haina pa kukaa. Ukitumia moja tu, unabaki na nne, inaongezwa moja, unarudi tano. Huyu wa tatu amepata mabadiliko sita kwa raundi mbili, na matano kati ya hayo ameyafanya akishajua nani ameumia, nani amesafiri na nani kaachwa benchi. Aliyetumia tano mapema naye amepata sita, ila ameuza watu waliokuwa bado wana mechi mkononi.

Mechi yenyewe ilikuwepo. Jumatatu ya tarehe 15, saa tano usiku kwa saa za Nairobi, Manchester United waliwakaribisha Bournemouth Old Trafford ikaisha 4-4. Amad Diallo wa Ivory Coast ndiye aliyefungua mabao, siku chache tu kabla ya nchi yake kuanza mashindano. Aliyemuuza Ijumaa kwa hofu ya Morocco alilitazama bao hilo likihesabiwa kwa mwingine. Na katika mechi hiyo hiyo Antoine Semenyo alifunga upande wa pili. Ghana haikufuzu, kwa hiyo yeye hakuwa na safari. Kuangalia orodha ya nchi zilizofuzu kabla ya kuangalia bei kulikuwa kazi ya dakika tano, na kulimwokoa mtu asimuuze mchezaji ambaye haendi popote.

Swali la nani auzwe lilitegemea benchi. Kikosi ni wachezaji 15, wanaoanza ni 11. Tuseme ulikuwa na Bryan Mbeumo wa Cameroon, Iliman Ndiaye wa Senegal na beki mmoja wa bei ya chini, wote wasafiri. Beki anaweza kulala benchi mpaka arudi. Kumuuza ni kupoteza nafasi. Mbeumo na Ndiaye ndio wa kuondoka, kwa kuwa raundi ya 17 hadi ya 21 zilibanana kati ya 20 Desemba na 8 Januari. Raundi tano ndani ya siku 20. Mtu anayecheza dakika 60 bila kufanya lolote la maana ana pointi mbili. Mara tano ni kumi. Kwa hiyo hata kulipa pointi nne kujaza pengo ambalo benchi haliwezi kuliziba kulikuwa na faida. Kulipa nne ili kumtoa anayecheza na kumleta mwingine anayecheza, aliyefunga juzi, ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo pointi nyingi za mitaani zinapotelea.

Nadhani sababu kubwa ya kupoteza pointi hivyo ni jinsi tunavyochanga pesa za zawadi. Zinatumwa kwa M-Pesa kwa mweka hazina, na ligi zinazomlipa mshindi wa kila raundi zinamsukuma kocha kuwaza Jumamosi hii peke yake. Anakatwa nane, anabahatisha, mara moja inajibu, na mara hiyo ndiyo anayoikumbuka. Wa ligi zinazolipa Mei, msimu ukiisha, hucheza kwa utulivu unaoonekana hata kwenye jedwali.

Kulikuwa pia na kikwazo cha kawaida kabisa. Mlango wa mabadiliko hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi, na Uingereza ikisharudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba, mechi ya mapema ya Jumamosi hufunga mlango saa nane mchana kwetu badala ya saa saba. Jumamosi ya tarehe 20 watu walikuwa njiani kwenda ushago, wengine mahali ambapo mtandao unakatika kila kilima. Waliopanga mabadiliko yao Ijumaa usiku, baada ya makocha wa klabu kuzungumza na waandishi, walisafiri bila wasiwasi.

Kumrudisha aliyeuzwa kuna bei yake. Ukiuza, unapata nusu tu ya faida, ikipunguzwa hadi sehemu ya kumi ya milioni. Uliyemnunua kwa pauni milioni 8.0 akafika 8.5 anauzwa kwa 8.2, na ukimtaka tena unalipa 8.5 kamili. Cameroon walitolewa robo fainali, na Mbeumo akawa uwanjani raundi ya 22 dhidi ya Manchester City, akafunga. Waliokuwa wameacha tofauti hiyo ya laki tatu za pauni bila kuitumia walimchukua siku hiyo kwa badiliko moja.