Mbili na tisa, tisa na mbili

Mtoto wa darasa la kwanza akipewa 2 + 9 huanza na mbili, kisha huhangaika na hatua tisa. Akianza na tisa, zimebaki mbili tu. Walimu wengi humwondolea taabu hiyo kwa kumkaririsha kwamba mpangilio haubadilishi jumla. Kanuni ni ya kweli, ila imewahi mno. Kwa mtoto, kujumlisha ni kisa: kulikuwa na vitu, vikaongezwa vingine. Aliyekuwa na mabeseni 2 ya ndagala akaletewa 9 hayuko katika hali moja na aliyekuwa na 9 akaletewa 2, na mtoto anayeiona tofauti hiyo anafikiri sawasawa. Kwa hiyo kibadilishwe kwanza kisa. Ufukweni Uvira, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mitumbwi miwili iliyovua usiku kwa taa ikifika pamoja, mmoja na mabeseni 2, mwingine 9, hakuna wa kutangulia. Mwalimu apange vifuniko vya chupa mstari mmoja, 2 kisha 9, na watoto wawili wakae wakitazamana. Kila mmoja akisoma kutoka kushoto kwake, huyu ataona mbili na tisa, yule tisa na mbili, na hakuna kifuniko kilichosogezwa. Huo ni uthibitisho kamili, maana haukutegemea popote kwamba namba ni 2 na 9.

Wapo watakaosema watoto hugundua wenyewe. Kweli, mwaka 1977 Guy Groen na Lauren Resnick walionyesha kwamba baadhi ya watoto wadogo waliofundishwa kuhesabu makundi yote mawili walianza, bila kuelekezwa, kuhesabu kutoka namba kubwa. Lakini Arthur Baroody alionya baadaye kuwa mtoto aweza kufanya hivyo ili kupunguza kazi tu, bila kujua kama majibu yatalingana. Ndiyo maana aulizwe kabla ya kuhesabu, na aeleze sababu kwa Kiswahili, mojawapo ya lugha za taifa ambazo sheria ya elimu ya Kongo ya 2014 inaziruhusu darasani. Pingamizi zito zaidi ni kutoa: je, hatageuza 9 − 2 kuwa 2 − 9? Atageuza, kama alikariri. Vifuniko vinamzuia, kwani katika kutoa namba hizo mbili hazina cheo kimoja: 9 ni vifuniko vyote, 2 ni sehemu yake. Mwambie atoe tisa katika viwili, umwache ajaribu.