Fundi, Kabureta na Unene wa Unywele

Masika yakianza mwezi Machi, mashine za kukata nyasi huanza kubebwa kwenda kwa mafundi wa Migori na Homa Bay. Zinatoka shule za bweni, hospitali za misheni, viwanja vya mpira na nyua za makanisa. Zimelala stoo kiangazi kizima. Sasa nyasi zimefika magotini, kamba inavutwa mpaka bega linauma, na injini haiitiki. Mvua zikikatika Juni, zamu hugeuka. Wanaokuja ni wakulima wa kando ya Mto Kuja na wa fuo za Ziwa Victoria, na pampu za maji ambazo hazikuwa na kazi wakati wa mvua. Mashine ni mbalimbali, misimu imepishana, lakini ugonjwa mara nyingi ni ule ule. Petroli iliyoachwa ndani ya kabureta imekauka taratibu, ikaacha utando wa kahawia unaonata, na utando huo umeziba tundu dogo ambalo injini nzima hulitegemea.

Hapo ndipo mwenye mashine huuliza swali linalojulikana na kila fundi: nisafishe hii, ninunue nyingine ya bei rahisi, au nitafute orijino? Linasikika kama swali la dukani. Kwa muda niliokaa kwenye mabenchi ya mafundi hawa nimeamini kwamba jibu lake hupatikana kabla ya dukani, juu ya meza iliyotandikwa gazeti, na kwamba kulitafuta vizuri ni kazi inayostahili heshima kuliko inayopewa.

Kabureta ina kazi moja: kuchanganya hewa na petroli kwa kipimo. Kwa hesabu ya kemia, gramu 1 ya petroli huhitaji gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Hewa inayovutwa na pistoni hupita kwenye koo lililobanwa katikati. Inapofika penye ubano huongeza kasi na shinikizo lake hushuka, jambo ambalo Mwitaliano Giovanni Battista Venturi alilieleza mwaka 1797. Shinikizo likishuka, petroli iliyo kwenye bakuli chini ya kabureta hunyonywa kupitia jeti, kijiti cha shaba chenye tundu, na kurushwa kama manyunyu ndani ya hewa ile. Kwenye bakuli kuna floti inayoelea. Petroli ikipanda, floti huinua sindano na kufunga mlango. Ikishuka, mlango hufunguka. Mjerumani Wilhelm Maybach alitengeneza kabureta ya kunyunyiza namna hiyo mwaka 1893. Zaidi ya miaka 130 baadaye, kanuni hiyo hiyo ndiyo inayomwagilia sukuma wiki Nyatike na kufyeka viwanja vya shule Oyugis.

Mama mmoja alileta pampu yake kwa fundi wa Migori mjini, karibu na barabara kuu iendayo Isebania. Injini ilikuwa ikiwaka, lakini ilipanda na kushuka bila kutulia, na haikukubali kufanya kazi mpaka choki ifungwe nusu.

"Fundi, nimeambiwa ninunue kabureta mpya. Niambie ukweli, nitafute pesa?"

"Mama, pesa yako ikae kwanza. Acha niifungue."

Aliichomoa plagi kabla ya kugusa kitu kingine. Ncha yake ilikuwa nyeupe, ishara kwamba hewa ilizidi petroli. Ingekuwa nyeusi kwa masizi angeanza kutafuta mahali pengine. Kahawia hafifu ingemwambia kwamba mchanganyiko uko sawa. Kisha alifunga tangi, akalegeza boliti moja chini ya bakuli na kumimina kilichokuwemo kwenye kifuniko cheupe, akakitazama kwa makini: matone ya maji yaliyojikusanya chini ya petroli, na chembe za kutu kutoka kwenye tangi. Aliitoa jeti kwa bisibisi iliyoshika mfuo wake barabara, bila kuukwaruza, akaielekeza juani na kutazama kupitia tunduni. Mwanga ulipita, lakini haukuwa duara kamili.

Alichofanya baadaye ndicho kinachomtofautisha fundi na mtu mwenye spana. Mkononi alikuwa na waya wa chuma, akauweka kando. Akakata kipande cha waya wa umeme, akauchambua, akachukua uzi mmoja wa shaba mwembamba kuliko tundu, akaupitisha polepole. Chuma ni kigumu kuliko shaba ya jeti. Kikilazimishwa, hukwangua na kulipanua tundu, na tundu lililopanuka halirudi. Alisafisha kwa petroli safi, akapuliza kwa hewa ya kompresa ya jirani anayeziba pancha. Mwisho alichomeka kipande cha mpira kwenye mlango wa petroli akapuliza kwa mdomo. Kabureta ikiwa wima, pumzi ilipita. Alipoigeuza juu chini, floti ikalala juu ya sindano na pumzi ikakatika. Akatikisa kichwa kwa kuridhika: sindano inafunga, kiti chake hakijalika. Kabureta ile haikuhitaji kubadilishwa. Ilihitaji kusafishwa, na tangi lake lilihitaji chujio.

Kwa nini subira yote hii kwa kitu kinachouzwa dukani kikiwa kipya? Sababu iko kwenye vipimo. Tuchukue jeti yenye tundu la milimita 0.70. Ukilipanua mpaka 0.77, umeongeza sehemu saba za mia moja za milimita, takriban unene wa unywele mmoja wa binadamu. Lakini eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 21. Injini kama Honda GX160 yenye sentimita za ujazo 163, ambayo ndiyo babu wa pampu nyingi za huku, hunywa takriban lita 1.4 kwa saa ikifanya kazi kamili. Ikizidisha kwa asilimia 20 tu, mkulima anayemwagilia saa tano kwa siku ametupa hewani lita 1.4, yaani petroli ya saa nzima ya kazi. Na hasara haiishii kwenye petroli. Ile inayozidi huosha mafuta kwenye kuta za silinda, pistoni ikasugua chuma kwa chuma. Ikipungua, injini hupata joto kali na vali huungua.

Unapolipia orijino, unalipia unywele huo usiwe na makosa. Mwili wa kabureta ya bei rahisi mara nyingi huonekana sawasawa na wa orijino, na boliti zake huingia pale pale, kwa sababu injini nyingi za Kichina zinazoitwa 168F zilifuata vipimo vya GX160: silinda ya milimita 68, mwendo wa pistoni milimita 45. Tofauti imejificha ndani. Namba iliyogongwa kwenye jeti huenda isilingane na tundu lake. Ncha ya sindano huenda ikawa ya mpira unaovimba kwa petroli. Ekseli ya kipepeo, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, huenda ikacheza kwenye tundu lake na kuvuta hewa ya wizi. Gasketi inaweza kuwa ngumu isikae vizuri. Fundi mzuri huvikagua vyote hivyo kabla hajaipa kabureta mpya nafasi kwenye injini, na hupima kwa kidole, kwa pumzi na kwa mwanga wa jua.

Hapa ni lazima tuwe waadilifu. Kusema "ya Kichina" kana kwamba ni hukumu si sawa, kwani Honda wenyewe huunda injini za GX katika viwanda vya Thailand na China. Kinachotofautisha ni nani anakagua kipimo, wala si ramani. Tena kuna kabureta ya bei rahisi inayojitambulisha kwa jina la mtengenezaji wake na kuuzwa kwa bei yake ya haki. Hiyo ni bidhaa halali, na nyingine hufanya kazi vizuri. Na kuna ile iliyovalishwa nembo na boksi la kampuni nyingine ili iuzwe kwa bei ya orijino. Hiyo ni feki, na Kenya ina sheria dhidi yake tangu mwaka 2008.

Kuna pia jambo la mwinuko, ambalo mafundi wa huku hulijua kwa masikio. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya bahari. Honda huandika kwenye vitabu vyake kwamba injini hupoteza asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Hata pale ufukweni Homa Bay, basi, injini imeshapungukiwa na zaidi ya sehemu moja kwa kumi, kwa kuwa hewa ni nyepesi huku jeti ikimimina petroli ile ile. Mashine ikipanda Kisii, kwenye mita 1,700 hivi, huzidi kutoa moshi mweusi. Fundi asiyejua hili atabadilisha kabureta nzima. Anayejua atauliza swali moja tu: "Mashine hii inafanya kazi wapi?"

Swali hilo ndilo msingi wa uamuzi wote. Wahenga walisema rahisi ghali, na mara nyingi walisema kweli, ila fundi hupima urahisi kwa kazi inayongoja. Mashine ya shule inayokata nyasi wiki chache kwa muhula inaweza kuwekewa kabureta ya bei rahisi, mradi fundi aichunguze na, hesi zikilingana, ahamishie humo jeti na sindano za ile ya zamani. Hivyo shule inapata mwili mpya wenye kipimo cha orijino. Uwanja mkubwa ni habari nyingine. Uwanja wa Raila Odinga mjini Homa Bay uliandaa sherehe za Madaraka tarehe 1 Juni 2025. Kwenye viwanja vya namna hiyo, wiki ya shughuli, kuzimika kwa mashine kunagharimu kuliko orijino. Kwa pampu ya mkulima, nyanya zikiwa kwenye maua na jua likiwaka, siku tatu bila maji ni mavuno yaliyopotea. Fundi humwambia mkulima huyo atunze mwili wa orijino alio nao, hata kama umechakaa nje, na anunue gasketi na sindano tu.

Halafu kuna machimbo ya dhahabu ya Nyatike, upande wa Macalder, ambako pampu hutoa maji mashimoni. Pampu ya juu haiwezi kunyonya maji kutoka kina cha zaidi ya mita saba au nane hivi, kwa kuwa ni uzito wa hewa ya dunia unaoyasukuma juu. Shimo likizidi hapo, huja kishawishi cha kuteremsha injini ndani. Injini ya petroli shimoni huua. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, na kabureta inayozidisha petroli huizalisha kwa wingi zaidi. Hakuna kabureta, orijino au nyingine, inayoifanya injini hiyo kuwa salama chini ya ardhi. Nimemsikia fundi akikataa kutengeneza pampu mpaka mwenyewe aahidi kwamba itabaki juu. Hilo nalo ni sehemu ya ufundi.

Ujuzi huu unaweza kufundishwa, na unaweza kupimwa: NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hutoa mitihani ya ufundi ya daraja la tatu hadi la kwanza, na fundi wa jua kali anaruhusiwa kuifanya. Vyuo vya ufundi vilivyo chini ya serikali za kaunti vingefanya vyema kuwaalika mafundi hawa wafundishe jinsi ya kusoma plagi, kupima sindano kwa pumzi na kumfundisha mwenye mashine afunge petroli na kuacha injini izimike yenyewe kabla ya kuiweka stoo. Tabia hiyo moja ingepunguza foleni za Machi na Juni.

Lakini linalobaki kwetu wateja ni la malipo. Fundi anayeuza kabureta mpya hupata faida ya spea na kazi ya dakika chache. Yule anayefungua, kuchunguza, kusafisha na kusema "hii bado ni nzima" hutumia saa mbili na kurudi nyumbani na pesa kidogo, kwa sababu tumezoea kulipia kitu tunachobeba mkononi. Kwa desturi hiyo tunamfundisha fundi kwamba ukweli haulipi. Tukitaka mafundi wa Migori na Homa Bay waendelee kutuambia ni lini orijino inahitajika, ni lini ya bei rahisi inatosha, na ni lini hatuhitaji kununua chochote, basi saa zile mbili tuzilipe kwa bei yake, na tuzilipe bila kunung'unika pale jibu linapokuwa kwamba pesa yetu ikae mfukoni.